Msomaji Naye Ana Magoti

Wiki iliyopita tulikuwa tunamalizia kujadili riwaya, chai imeshaanza kupoa, mwenzetu mmoja akaniuliza nakimbilia wapi. Nikasema: jimu, kuna darasa saa kumi na mbili na nusu. Meza nzima ikacheka. "Kumbe na wewe unaenda kuruka-ruka na akina mama?"

Kicheko kile hakijanitoka kichwani. Leo nakijibu.

Miaka miwili iliyopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na boksi la vitabu begani. Nilifika juu nimeshika ukuta, macho yanaona nyota. Zahanati wakanipima presha: 158 kwa 99. Nesi, binti anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akauliza nafanya kazi gani. Nikajibu kwa fahari kidogo: nasoma, nahariri, naandika. Akainama, akaandika kwenye kadi yangu maneno mawili: "Anakaa tu."

Jamani, sijawahi kupata uhakiki mfupi na mkali kama ule.

Nikafanya wanachofanya wasomaji wa riwaya wakishtuka: nikaanza kukimbia peke yangu. Haruki Murakami alitoa kitabu chake kuhusu mbio mwaka 2007, na kwenye meza yetu mtu akikitaja kila mmoja anatikisa kichwa kwa heshima. Nilikimbia siku nne. Ya tano ikanyesha mvua. Ya sita nilikuwa na makala ya kumalizia. Ya saba sikuwa na sababu yoyote, sikwenda tu, na hakuna aliyejua.

Ndipo nikaingia jimu ya mtaani kwetu. Usifikirie vioo na viyoyozi. Ni banda la bati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, sakafu ya saruji, feni mbili na moja imekufa. Unalipa shilingi 3,000 mlangoni, unatandika mkeka wako. Kuna mama muuza samaki, fundi cherehani, mzee mstaafu, kijana wa bodaboda. Mwalimu anafungulia singeli, anapaza sauti, tunaitikia. Siku ya kwanza nilipotea hatua kabisa: wao kulia, mimi kushoto. Yule mama wa samaki, bila hata kugeuka, akaniambia, "Mwanangu, usihesabu. Sikiliza ngoma."

Wiki ya tatu nikategea. Jioni ile ile simu ikaita. Ni yeye, namba kapewa na mwalimu. "Mwanangu, u mzima? Leo mstari ulikuwa na pengo." Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika. Vitabu navipenda, lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kunipigia simu.

Sasa, wenzangu wana hoja zao. Ya kwanza: eti kundi linaua fikra, watu ishirini wakinyanyua goti moja kwa pamoja ni kondoo. Hoja hiyo inatoka kwa watu wa fasihi, wa Kiswahili! Sisi ambao hadithi yetu haianzi mpaka mmoja aseme "Paukwa" na wengine wajibu "Pakawa". Beni, ngoma iliyotoka pwani ikaenea Afrika Mashariki, ilikuwa watu kupanga mistari, kuvaa sare, kupiga gwaride na kushindana kwa nyimbo. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Tukiisoma beni kwenye kitabu tunaiita utamaduni. Tukikuta watu wanaitikia na kucheza mstari mmoja chini ya bati, leo, saa kumi na mbili na nusu, tunaiita kuruka-ruka.

Hoja ya pili: ni kujipenda tu, watu wanatafuta umbo. Wapo, sikatai. Hata mimi nachukia zile picha za kitambi kabla na kitambi baada zinazobandikwa ukutani, zinauza aibu. Ila Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Darasa letu ni dakika 50, mara tatu. Piga hesabu mwenyewe, umbo liweke kando.

Na agizo peke yake halinyanyui goti la mtu. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wazo zuri. Lakini aliyenitoa mimi kitandani ni mtu aliyeona pengo langu.

Hoja ya tatu hawaisemi, ila ndiyo iliyocheka pale mezani. Mwanamume akikimbia peke yake alfajiri na viatu vya bei, huyo ana falsafa. Muuza samaki akitoka jasho na wenzake kwenye saruji, huyo anaruka-ruka. Zoezi ni lile lile, moyo unadunda vile vile. Tofauti ni nani anayelifanya. Basi tusizungukane: hatudharau mazoezi, tunadharau watu. Na tukishawadharau hivyo, tunakaa tukiulizana kwa nini watu wa mtaani hawaji kwenye mijadala yetu ya vitabu. Waje kufanya nini? Kuna yeyote aliyewahi kuwapigia simu kuwaambia mstari una pengo?

Mwezi uliopita nilipimwa tena: 132 kwa 84. Dawa nazo nameza, simdanganyi mtu. Nesi alikuwa yule yule. Safari hii kwenye kadi hakuandika kitu kuhusu kukaa.

Mjadala wetu ujao ni Alhamisi, na nitaondoka tena mapema. Anayetaka kucheka, karibu. Kwanza apande ngazi ghorofa tatu na boksi la vitabu bila kushika ukuta, ndo tuongee.