Jina la Mtoto wa Feri

Msomaji, ikiwa umepata kuvuka Likoni kutoka kisiwani Mombasa, hapana shaka umemwona. Avukaye kwa miguu hatozwi nauli, na kwa sababu hiyo Feri hukusanya umati mkubwa kila siku, tangu alfajiri hadi usiku. Kati ya wauza madafu, hamali wenye mikokoteni na matatu zinazoita abiria, hupita mtoto mwenye gunia begani, akiokota chupa za plastiki na vipande vya chuma apate kuviuza kwa kilo. Aghalabu ana kichupa cha gundi mkononi. Huivuta ili njaa isimuume. Watu humpisha, si kwa heshima, bali wasiguswe na nguo yake. Jina lake kwao ni chokoraa.

Ugomvi wangu ni na neno hili. Hutukumbusha kuchokora, yaani kupekua kwa kijiti, na kwa mazoea ya ulimi kazi ya mtu imegeuzwa kuwa mtu mwenyewe. Mvuvi hatumwiti samaki, wala mwuza makaa hatumwiti masizi. Lakini mtoto apekuaye taka huhesabiwa pamoja nazo, na kilichohesabiwa taka hungoja ufagio. Mgeni mkubwa akitarajiwa mjini, msako hupigwa usiku, watoto wakapakiwa garini kama mizigo. Siku chache baadaye wamo tena barabarani, maana hakuna aliyewauliza wametoka wapi.

Sheria imeuacha ulimi wetu nyuma. Sheria ya uzururaji, urithi wa ukoloni, ilifutwa nchini Kenya mwaka 1997. Sheria ya Watoto ya 2001, na ile ya 2022 iliyoshika mahali pake, humtaja mtoto aombaye kuwa mhitaji wa matunzo na ulinzi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, huorodhesha haki za mtoto, na ya kwanza si chakula wala malazi: ni jina na uraia tangu kuzaliwa. Waliopanga hivyo walijua walifanyalo. Asiyeandikwa hana cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti hupata taabu mlangoni pa shule, ijapokuwa ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003.

Hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa mwaka 2018 iliwapata 46,639 nchini kote, na 7,529 kati yao Mombasa, wakubwa kwa wadogo. Tumejua idadi, majina bado.

Utaniambia kuwa ni wezi. Wamo waibao, nami siwatetei katika hilo. Lakini pima: wewe ukikosa shuleni, huitwa mzazi wako; yeye akikosa sokoni, huitwa umati, nao huja na mawe. Utasema tena kuwa walitoroka makwao kwa hiari. Hiari gani ya mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama, au aliyepigwa kila usiku na mlevi? Na yupo asiyetoroka popote: alizaliwa juu ya katoni, na mama aliyekulia barabarani vilevile. Huyo tumwambie arudi wapi?

Sikutaki utoe sarafu. Sarafu hutolewa upesi ili mtoaji apate kupita. Nakutaka uliache neno lile, hata katika mzaha na wenzako, kisha umwulize mtoto jina lake. Mwenye jina aweza kupelekewa habari zake ofisi ya watoto, akatafutiwa jamaa, akaandikwa darasani. Huenda asikwambie la kweli mara ya kwanza, kwa kuwa amezoea kwamba aulizaye jina ni askari. Ukivuka tena kesho, mwulize tena.