Kizuri Hakijiuzi Kabatini

Mwandishi wa safu moja ya Jumapili ametuambia kwamba mtaalamu anayeandika LinkedIn ana njaa ya sifa, maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali tamu. Ila yeye mwenyewe, nakumbusha tu, hutuandikia kila wiki na picha yake juu.

Kizuri hujiuza kinapoonekana. Mtandao huo upo tangu 2003, waajiri husaka watu humo, na asiyeandika neno hubaki jina na cheo tu.

Majigambo, hapo tuko pamoja. "Nina heshima kubwa kutangaza..." juu ya cheti cha semina ya siku moja! Yanachosha. Lakini fundi wa pampu anayepiga picha beringi iliyolika, akaeleza kwa sentensi tatu kwamba imeuawa na mchanga wa kisima wala umeme hauna kosa, amejisifu wapi? Amefundisha. Mwenye kisima kama hicho akisoma, ameshajua nani wa kumpigia.

Woga upo: bosi atasemaje, niliosoma nao watacheka Kiingereza changu. Andika Kiswahili, basi. Usitaje mteja wala siri za ofisi, na bosi hana neno. Hao wa kucheka, wengi hata hawataliona andiko lako la kwanza, na hiyo ni nafuu: unajifunza bila umati.

Anayewashauri vijana wanyamaze hadi wagunduliwe tayari ana jina. Wao hawana. Waandike, tena wiki hii.