Mnunuzi wa Jeshi Asomeshwe Kabla ya Kukabidhiwa Kalamu

Mwalimu hakabidhiwi darasa kabla ya kupita chuoni na kusimama mbele ya wanafunzi huku mkufunzi wake akimtazama kutoka nyuma. Dereva hapewi basi la abiria kabla ya kutahiniwa. Hata mpishi wa bweni hupimwa afya kabla hajaruhusiwa kugusa sufuria. Lakini katika ofisi nyingi za umma, na si za Afrika peke yake, mtumishi aliyehamishwa jana kutoka idara nyingine aweza kukuta mezani pake jalada la ununuzi ambalo thamani yake inazidi mshahara wake wa maisha yote, na maelekezo anayopewa ni haya tu: utajifunza humo humo kazini. Jalada hilo likiwa la madawati, kosa litaonekana mapema, maana dawati bovu huvunjika na mwalimu mkuu huandika barua. Likiwa la jeshi, kosa laweza kulala bohari miaka mingi, na anayeligundua ni askari aliye mbali na kwao, katika saa ambayo hana nafasi ya kuandika barua.

Maoni yetu ni kwamba hakuna mtu, awe karani, mhasibu, mwanasheria au afisa mwenye nyota begani, anayestahili kugusa mkataba wa vifaa vya ulinzi kabla ya kupita katika mafunzo ya awali ya kazi hiyo. Wapo watakaosema kuwa ununuzi ni ununuzi, na kwamba aliyezoea kununua karatasi na matairi ataweza pia kununua magari ya deraya. Hatukubaliani nao. Anayenunua madawati aweza kwenda Keko, akauliza bei kwa mafundi watano, akalikalia dawati na kulitikisa. Anayenunua rada au helikopta hana Keko ya kwenda. Wauzaji ni wachache duniani, na mara nyingine ni mmoja tu. Muuzaji huja mezani na wahandisi na wanasheria ambao hawana kazi nyingine maishani mwao isipokuwa hiyo. Tena kifaa kikishanunuliwa hukaa miaka ishirini au thelathini, nacho hudai vipuri, mafuta, karakana na mafundi, hata gharama ya kukitunza ikaipita ile ya kukinunua. Asiyefundishwa huitazama bei ya siku ya kwanza tu, kama mtu anayenunua ng'ombe bila ya kuuliza malisho.

Marekani, nchi inayotumia fedha nyingi kuliko nchi yoyote kwa ulinzi, ililazimika kujifunza jambo hili kwa aibu. Katika miaka ya 1980 magazeti yake yalisimulia habari ya nyundo iliyouzwa kwa Jeshi la Wanamaji kwa dola 435. Wananchi walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Ukweli wa nyundo hiyo wastahili kuelezwa, kwa kuwa una faida kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Nyundo ilikuwa kitu kimoja tu katika orodha ndefu ya vifaa, na gharama za jumla za kiwanda, kama vile uhandisi na usimamizi, ziligawanywa sawasawa juu ya kila kitu kilichomo katika orodha, kikubwa kwa kidogo. Nyundo ikabebeshwa mzigo uleule uliobebeshwa mtambo wa thamani. Bei ile, basi, ilikuwa na maelezo yake. Lakini mhasibu yeyote anayesoma safu hii ataiona kasoro mara moja: orodha iliyopangwa hivyo haimwezeshi mnunuzi kujua ni kitu kipi kina bei ya haki na kipi kimepandishwa. Kuisoma orodha ya namna ile, kuitilia shaka na kudai ipangwe upya, si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni jambo la kufundishwa.

Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan aliunda tume chini ya David Packard, mwenye viwanda aliyepata kuwa naibu waziri wa ulinzi. Taarifa ya tume hiyo, iliyotoka mwaka 1986, haikuishia katika kulaumu viwanda. Ilisema wazi kwamba watumishi wanaoinunulia nchi silaha hawakufunzwa vya kutosha, hawalipwi vya kutosha na hawana uzoefu wa kutosha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, ukafichuka uchunguzi mkubwa wa rushwa katika ununuzi wa ulinzi, na mmoja wa waliotiwa hatiani mwishowe alikuwa msaidizi wa waziri katika Jeshi la Wanamaji. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwafanya watu wa ununuzi wa ulinzi kuwa taaluma yenye masharti ya elimu, mafunzo na uzoefu, na mwaka 1991 kikaanzishwa chuo chao wenyewe. Kwa miaka mingi watumishi hao walipanda ngazi tatu za vyeti, ya kwanza ikiwa ya mafunzo ya utangulizi, mpaka mpango huo ulipotengenezwa upya mwaka 2022. Katika utaratibu wa nchi hiyo, anayetia saini mkataba kwa niaba ya serikali hupewa hati ya mamlaka, na hati hiyo yaweza kutaja kiasi cha fedha ambacho hana ruhusa ya kukipita. Kalamu yake ina mpaka ulioandikwa.

Hatusemi kwamba Marekani imepona. Miradi yake mikubwa bado huchelewa na kuzidi makadirio. Tena mwaka 2004 Darleen Druyun, ofisa wa juu wa ununuzi katika Jeshi la Anga, alihukumiwa kifungo cha miezi 9 baada ya kukiri kwamba alizungumzia ajira yake katika kampuni ya Boeing wakati angali akishughulikia mikataba ya kampuni hiyohiyo. Mama huyo hakukosa elimu ya kazi yake. Huenda hapakuwa na mtu aliyeijua kuliko yeye. Twalitaja jambo hili makusudi, ili msomaji asidhani tunauza mafunzo kama dawa ya wizi. Mwizi aliyesoma ni mwizi hodari zaidi. Lakini hoja yetu haiwahusu wezi. Yawahusu wale walio wengi, watumishi waaminifu wasiokuwa na nia mbaya yoyote, ambao huipotezea nchi mamilioni kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kutazama.

Mfano ulio bora kabisa watoka Uingereza, nchi ambayo haiwezi kusemwa kuwa haina wasomi wala desturi ya ununuzi. Mwaka 1995 Wizara yake ya Ulinzi iliagiza helikopta 8 aina ya Chinook Mk3 kwa pauni milioni 259. Zilipopokelewa mwaka 2001 ilionekana kwamba haziwezi kuruhusiwa kuruka ila katika anga isiyo na mawingu na kwa kimo kisichopungua futi 500. Je, kiwanda kilidanganya? La. Kiwanda kilitimiza mkataba. Kilichokosekana ni sharti katika mkataba la kumpa mnunuzi nafasi ya kuzichunguza programu za kompyuta zinazoongoza mitambo ya ndege, ili athibitishe kwa kanuni za nchi yake kwamba ni salama. Sharti hilo halikuandikwa, na muuzaji hakuwa na wajibu wa kutoa asichoombwa. Helikopta zile zikakaa miaka mingi bila ya kutumika, hata wakati ambapo majeshi ya Uingereza huko Afghanistan yalikuwa yakihitaji helikopta kwa kila hali. Mkaguzi wa hesabu za taifa hilo aliieleza habari yote katika taarifa yake ya mwaka 2008. Hakuna aliyekula rushwa katika hadithi hii. Ni karatasi tu iliyopungukiwa.

Karibu na kwetu, jirani zetu wa Uganda walinunua helikopta za kivita 4 aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zilizofika mwaka 1998 zilikuwa mbovu, hazikufaa kwa kazi iliyokusudiwa, na fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Julia Sebutinde. Mwalimu yeyote anayepokea vitabu shuleni hufungua boksi kabla ya kutia saini. Kanuni ni hiyohiyo, ila kukagua helikopta kwataka fundi wa upande wa mnunuzi, atumwe huko huko iliko kabla haijafungwa kwa safari, na malipo yafuate maneno yake.

Nasi wenyewe tunayo ya kwetu, tena walimu wanaifahamu kwa njia ya pekee. Rada ambayo Tanzania iliinunua kwa pauni milioni 28 kutoka BAE Systems ya Uingereza, na ambayo ilikusudiwa kuhudumia anga ya kiraia na ya kijeshi kwa pamoja, ilizua ubishi mpaka ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, ambako Clare Short aliipinga waziwazi. Wataalamu wa usafiri wa anga wa kimataifa walisema ilikuwa ghali mno na haikufaa vya kutosha kwa kazi ya kiraia. Mwezi Desemba 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo ya wakala wake, yaliyofikia dola milioni 12 na zaidi. Haikukiri kutoa rushwa. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania, fedha zilizoelekezwa katika vitabu na madawati ya shule za msingi. Basi wako walimu waliofundisha kwa kitabu kilichotokana na rada. Sisi twafurahi kwamba watoto walipata vitabu, lakini hiyo si njia ya nchi kununulia vitabu. Swali ambalo mafunzo ya awali humfundisha mtu kuliuliza kwanza kabisa, kabla ya bei na kabla ya mkopo, ni jepesi: kifaa hiki ni cha kazi gani, na ya nani? Kifaa cha mabwana wawili chataka maelezo ya mabwana wote wawili, yameandikwa na kutiwa saini, kabla muuzaji hajakaribishwa chai.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, huwatahini na kuwasajili watu wa taaluma hii, na sheria za ununuzi wa umma zimetungwa na kutungwa upya tangu mwaka 2001. Mafunzo tunayoyasema yajengwe juu ya msingi huo. Yasiwe ya raia peke yao wala ya wanajeshi peke yao. Mwanajeshi anajua kiatu kinavyoumiza baada ya maili kumi na tano, lakini huhamishwa baada ya muda mfupi na kuacha jalada katikati. Karani wa kiraia hubaki, anaijua sheria, lakini hajapata kulivaa lile buti. Waketi darasa moja.

Na isiwepo hoja ya siri. Ni siri ya halali kujua mtambo utawekwa wapi na unaona umbali gani. Lakini namna ya kuandika mahitaji, ya kulinganisha zabuni, ya kukagua mali na ya kutunza jalada haina siri ndani yake, na yaweza kufundishwa mchana kweupe kwa mfano wa mabuti na mahema. Palipo na ulazima wa kuwaficha wengi, ndipo anapohitajika mjuzi zaidi, kwa kuwa hakuna jicho la pili la kumsahihisha. Mkaguzi wa hesabu naye apewe kibali na afunzwe mambo hayohayo, asije akaonyeshwa mlango uliofungwa akaenda zake.

Wiki tatu zatosha kwa kuanzia. Siku ya kwanza wanafunzi wapewe jozi moja ya mabuti na karatasi tupu, waandike maelezo ya kununulia jozi elfu kumi: ngozi, soli, uzi, kipimo cha kuingia maji, namna ya kupima, na nani atakayepima. Mchana karatasi hizo wapewe wenzao wa upande wa pili wa darasa, ambao kazi yao itakuwa kujifanya wauzaji na kutafuta kila mwanya wa kuleta buti la ovyo lisilovunja neno hata moja la yaliyoandikwa. Jioni karatasi zirudishwe kwa wenyewe, waziandike upya, na kesho yake wauzaji waanze tena.