Acheni Kutufichia Majina ya Faili!

Jamani, leo nina neno na waliounda Windows. Tangu Windows 95, usipogusa mipangilio, folda zake huficha herufi za mwisho zinazoonyesha aina ya faili, eti zisituchanganye. Nani kawaambia hatujui kusoma? Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilikuja kwa jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Hiyo .vbs ikafichwa, watu wakaona.TXT, wakadhani ni barua, wakabofya. Mamilioni ya tarakilishi yakaambukizwa. Na Windows 11 bado inaficha!

Mashine yoyote ninayoshika, naanzia hapa: fungua folda, bofya View, kisha Show, halafu chagua File name extensions. Anayekuficha jina la mgeni asikulaumu ukimfungulia mwizi.