Ploti ya 50 kwa 100 si thumuni ya ekari, tusidanganyane

Ukishuka stejini Kitengela, hata kabla hujavuka barabara ushapewa karatasi ya ploti. Zote zinaimba wimbo mmoja: thumuni ya ekari, 50 kwa 100, hatimiliki iko tayari. 50 nini? 100 nini? Hakuna anayeuliza.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kuona ploti upande wa Isinya. Broka akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Mama, mpaka wako ni hapa." Nikamuuliza kama ana tepu. "Kijana, kwani unaniona mwizi?" Sikumwona mwizi. Nilimwona mtu anayepima pesa za shangazi kwa viatu. Kesho yake nilirudi na tepu yangu: futi 47 kwa 96. Shangazi akafunga mkoba.

Na hata zingekuwa 50 kwa 100 kamili, hesabu bado inakataa. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Gawa kwa 8, unapata 5,445. Sasa 50 mara 100 ni 5,000. Futi mraba 445 zimeenda wapi? Hapo unatoa vyumba vinne vya futi 10 kwa 10, na nafasi inabaki. Ukilipa Sh1 milioni kwa thumuni kamili ukapewa 50 kwa 100, karibu Sh82,000 umenunua hewa.

Halafu hatimiliki inakuja kwa hekta, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Hekta moja ni mita mraba 10,000. Futi moja ni mita 0.3048. Kwa hivyo 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani hekta 0.0465 hivi. Thumuni kamili ni hekta 0.0506. Tofauti imejificha nyuma ya nukta na sufuri, na nani husoma nukta akiwa na furaha ya kumiliki shamba?

Wauzaji watasema barabara ya kuingilia ndiyo imekula hiyo sehemu. Sawa, barabara lazima iwepo. Basi waandike hivyo kwenye karatasi zao, kwa mita mraba, mtu ajue analipia nini.

Mimi chuo niliacha njiani, sijifanyi injinia. Lakini haya ni mambo tuliyofunzwa kwenye Fizikia ya Kidato cha Kwanza. Mwalimu alikukata alama kwa kuandika 50 bila kusema ni futi au mita, ukadhani ana roho mbaya. Kumbe alikuwa anakulindia ploti. Shida ni kwamba tulikariri vipimo ili tupite mtihani. Walimu wa Kajiado wangetoa darasa nje na tepu, wapime uwanja wa shule, wageuze futi ziwe mita, hakuna mwanafunzi angesahau.

Wewe unayeweka akiba ya ploti, tepu haigharimu pesa nyingi. Beba yako. Na kabla ya kulipa hata shilingi, lete mpimaji wa ardhi mwenye leseni, usikubali hatua za mtu.