Pikipiki Mpya Kabisa ni ya Nani?



Siku hizi steji yetu ya Laini Saba haina neno jingine ila pikipiki. Duka moja la mjini limepunguza bei ya toleo la zamani, lile la kabureta, na wakati huo huo mawakala wanapita na picha za toleo jipya kabisa: injekta, breki ya diski, rangi ya kung'aa. Vijana wetu wengi wamekwisha chagua kwa macho.

Sisi wa tawi twasema bila kuficha: chukueni ya zamani. Twajua tutaitwa wazee. Haya, na tuitwe.

Tufanye hesabu, na hii ni ya mfano tu. Tuseme ya zamani inauzwa shilingi 140,000 taslimu. Mpya unapewa kwa amana ya 30,000, halafu 480 kila siku kwa siku 540. Hiyo ni 289,200. Bwana wakala hataji jumla hiyo hata mara moja. Yeye hutaja 480 peke yake, kana kwamba ni bei ya chai na mandazi. Mvua ikinyesha, 480. Mtoto akilazwa, 480.

Hatukatai kwamba mpya ina mema yake. Injekta hula petroli kidogo na huwaka vizuri asubuhi ya baridi, na breki ya diski ni rafiki wa mtu anayeteremka kwenye matope akiwa na mama mjamzito wa kupelekwa hospitali ya Mbagathi. Lakini kabureta ikiziba, fundi wa jua kali huifungua kando ya barabara, akaiosha kwa petroli, na abiria hajachoka kungoja. Injekta ikigoma, unatafuta mwenye kompyuta ya kuisoma. Siku hiyo hukupata kitu, na 480 inadaiwa.

Na nyinyi mnaokwenda kwa punguzo, msidhani mmepewa zawadi. Linganisheni namba ya chesisi na ile ya logibuku. Tazameni ubavu wa tairi: mna tarakimu nne za tarehe, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2321, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2021, na mpira uliokaa ghalani miaka mingi hukauka. Dai tairi nyingine kabla ya kutoa fedha.

Lakini jambo linalotuuma zaidi ni karatasi. Mwenzetu mmoja alilipa miezi 14 kati ya 18. Akavunjika mguu, akalala majuma matatu. Usiku mmoja pikipiki ikazimwa kwa mtambo uliofichwa ndani yake, asubuhi ikabebwa kwa lori. Tuliposoma mkataba wake, tayari imeuzwa kwa mtu mwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 juu ya kununua kwa awamu yasema kwamba ukiisha kulipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua kwa nguvu. Sharti aende mahakamani. Ndiyo sababu karatasi nyingine zimeandikwa “kukodi” au “mkopo” mahali pa “kununua”. Neno moja tu, na ngao yako imeondoka. Tunauliza: mtu anayekwambia “pikipiki ni yako leo”, mbona logibuku ina jina lake?

Fedha taslimu zitatoka wapi? Watu kumi wa steji wakitoa 300 kila siku, ni 3,000. Kwa siku 47 pikipiki moja imepatikana, na mtu wa kumi anapata yake katika mwezi wa kumi na sita, kabla ya yule wa mkopo kumaliza deni. Ni kweli punguzo halitangoja muda huo wote; likiisha tutatafuta zilizotumika zenye logibuku safi. Ni kweli pia kwamba wa kumi atanung'unika. Mwacheni anung'unike, ila apigiwe kura wazi mbele ya wote na asipangwe na mweka hazina.

Jumapili, saa nane mchana, tutakuwa pale steji. Aliyekwisha tia sahihi alete mkataba wake tuusome kwa sauti, na ambaye hajatia, asitie kabla ya hapo. Wenzetu wa Kawangware wenye karatasi za namna hii pia waje.