Kazi ya mikono: Fulari ya vipande vya kikwembe



Baridi imeanza kubisha hodi hapa Lubumbashi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mtoto anaenda masomo akitetemeka, na mama anakaa sokoni amejifunika chochote alichopata. Kwa hiyo juma hili tutashona fulari ya shingoni, na hatutanunua kitambaa.

Kila mara fundi anapokata libaya na sketi, vipande vinabaki. Ni vyako, umevilipa pamoja na kikwembe. Mwambie akuwekee ndani ya mfuko kabla hajafagia. Mwaka huu wengi wetu tuko na vipande vya kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa tatu, na hivyo ndivyo vimeleta neno hili.

Mwenzetu mmoja aliacha kuja kwenye mkutano tangu siku ile. Ameniruhusu niandike, bila jina lake. Pesa ya kikwembe haikupatikana, akaona haya kukaa katikati ya watu waliovaa sawasawa. Mimi nikajiona mwerevu: nikakusanya vipande, nikamshonea fulari, nikampelekea nyumbani. Alinishukuru sana, akaikunja, akaiweka. Mkutano uliofuata hakuja. Nilipouliza, alinijibu kwa upole: "Mama, nikivaa hiyo peke yangu, wote watajua ni mimi niliyekosa." Alikuwa na haki. Nilidhani nimemfunika, kumbe nilimtia alama.

Basi tumepatana hivi: kila mama wa chama atavaa fulari, na kila fulari itakuwa na vipande vya wengi. Fulari moja inataka vipande 30. Wamama 15 wakileta viwili viwili, moja imekamilika.

Tayarisha makasi yenye makali, sindano, uzi wa pamba, pasi ya makala, na kipande cha kartoni. Kwa upande wa ndani tafuta shuka la kitanda lililozeeka au shati la baba lisilovaliwa tena. Nguo ya kuvutika kama tisheti usitumie, itapindisha kazi.

1. Fua vipande vyote kwanza. Kama rangi ni nzito, bana kipande kibichi ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue tena peke yake.

2. Kata kartoni ya santimetre 12 kwa 12. Iweke juu ya kila kipande, chora, kata. Fuata uzi wa kitambaa. Ukikata kwa mshazari kipande kitavutika.

3. Panga vipande chini, viwili kwa upana na 15 kwa urefu. Angalia rangi kabla ya kushona. Vinavyofanana visikae pamoja.

4. Shona viwili viwili, uso kwa uso, ukiacha santimetre 1 pembeni. Kisha unga mistari yote 15, mmoja baada ya mwingine. Piga pasi kila mshono kabla ya kuendelea. Utapata kitambaa cha santimetre 22 kwa 152.

5. Kata kitambaa cha ndani kwa kipimo hicho hicho. Kama hakifiki, unga vipande viwili vitatu, hakuna atakayeona.

6. Viweke uso kwa uso, shona kuzunguka pande zote kwa santimetre 1, lakini acha mlango wa upana wa mkono upande mmoja. Punguza kitambaa kwenye pembe nne, usiguse mshono.

7. Pindua kazi kupitia ule mlango, sukuma pembe kwa kijiti kisicho na ncha kali, piga pasi, funga mlango kwa sindano. Fulari iko tayari: santimetre 20 kwa 150.

Usiye na mashini usiogope. Kwa mkono, piga hatua ndogo, na kila hatua rudisha sindano nyuma kidogo. Mshono huo haufumuki upesi. Anza na kumaliza kwa fundo.

Neno moja kwa wenye watoto: mtoto mchanga usimfunge fulari shingoni, na mkubwa mfupishie. Ncha zinazoning'inia zisikaribie mbabula. Nguo inashika moto kabla hujageuka.

Siku ya tano iliyopita tulianza kushona pamoja. Mwenzetu yule alikuja. Hakuwa na kipande cha mwezi wa tatu, lakini alileta viwili vya kikwembe cha kizamani cha mama yake, chenye rangi ambayo siku hizi haionekani sokoni. Vyote viwili viligombaniwa. Tena ndiye aliyetufumulia mishono mitatu akisema imelegea, na mmoja ulikuwa wangu. Kumbe alifundishwa kushona kwa mkono tangu utoto, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Siku ya tano ijayo, saa nane, kila mmoja alete vipande viwili, vimefuliwa, vya kikwembe chochote. Asiye na kitu alete sindano yake au mikono yake. Na kama jirani yako ameacha kuja, mpitie njiani. Usimuulize alikuwa wapi, mwambie tu kwamba kazi ni nyingi na watu hawatoshi.

Juma lijalo: vipande vidogo kabisa, tutavijaza ndani ya mto wa mtoto.